Unakwenda Ujerumani kusoma? Tafuta anwani kwanza

Wiki hii kijana mmoja wa Majengo, hapahapa Moshi, ameniandikia. Kapata nafasi ya kubadilishana wanafunzi Tübingen, muhula wa baridi, ule unaoanza Oktoba. Swali lake: "Dada, ninunue jaketi gani?"

Mdogo wangu, jaketi nenda soko la Memorial, hapahapa Moshi. Mji wenye wapanda mlima haukosi majaketi mazito, na bei mnapatana. Hilo limekwisha. Mbona hukuniuliza utalala wapi?

Mimi niliondoka nikijua napokelewa. Kuna mtu tumekua naye Kiborloni, yuko kule miaka mingi, aliniambia kwa mdomo wake: "Wewe njoo, chumba kipo." Mama akamfungia kahawa ya shambani, ya kwake yeye, si yangu. Nimeshuka stesheni Jumamosi jioni na mabegi yangu, napiga simu, haipokelewi. Natuma ujumbe, tiki zinageuka bluu, kimya. Na kesho yake ni Jumapili, siku ambayo Ujerumani maduka hufungwa kwa sheria, hata mkate wa kununua ni kuhangaika. Aliyenistiri ni binti wa Kikameruni niliyekaa naye kiti kimoja kwenye treni. Ile kahawa tuliinywa mimi na yeye. Yule ndugu nimeshamsamehe, ila namba yake nimeifuta.

Kwa hiyo sikiliza. Siku unayopata barua ya chuo, siku hiyohiyo omba chumba Studierendenwerk, wale wanaosimamia hosteli za wanafunzi. Tübingen ni mji mdogo wenye chuo kikubwa cha tangu 1477, vyumba vinagombaniwa. Moshi na Tübingen ni miji dada tangu 2014, lakini udada huo haugawi vitanda.

Kule kila kitu kinaanzia kwenye anwani. Ukishahamia chumbani, sheria inakupa wiki mbili uende ofisi ya mji kujiandikisha. Wenyewe wanaita Anmeldung. Ni kama kuripoti kwa mwenyekiti wa mtaa, isipokuwa huku unaweza kukaa mwaka mzima mwenyekiti asijue sura yako. Unakwenda na pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Usihangaike kulikariri, liandike kwenye simu. Mtu akikupa kochi halafu akakataa kusaini, huyo kakupa usingizi tu, hajakupa makazi. Bila usajili huo, kibali cha ukaazi kinakwama, na namba ya mlipakodi haiji. Nayo huja kwa posta.

Hapo kwenye posta wengi wetu tunaumia. Tumezoea S.L.P. ya shule au ya parokia. Kule mleta barua anatafuta jina kwenye kisanduku cha mlangoni, asipoliona barua inarudi ilikotoka, hata namba ya nyumba iwe sahihi. Bandika jina lako siku unayopewa funguo, hata kwa kikaratasi na gundi.

Fedha: kama huna ufadhili kamili, ubalozi utakutaka uweke Sperrkonto, akaunti iliyofungwa. Kwa 2025 ilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, unatolewa 992 kila mwezi. Hazikusubiri uwanja wa ndege, zinaanza kutoka ukishafika na kukamilisha taratibu za benki. Beba euro za kula wiki za mwanzo.

Na ninyi mliotangulia, mnaoposti picha za theluji: kama huna chumba, sema huna. Mzazi anauza ng'ombe kwa ajili ya neno lako. Kumwambia mtoto wa mwenzio "njoo" kisha ukazima simu ni dhambi, na kanisani Kiborloni tulifundishwa pamoja.

Tuje kwenye chakula, maana najua mama yako ameshaanza kukufungia mizigo. Nyama na maziwa, pamoja na samli na jibini, forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu. Dagaa wakavu wanapita. Maparachichi na maembe yanadai cheti cha afya ya mimea, yaache. Ila ndizi zimo kwenye matunda machache yasiyodaiwa cheti hicho, kwa hiyo mtori upo. Nyama utanunua hukohuko, kabla ya Jumapili.