Usimwage mafuta ya taa kwa sababu ya nyoka

Juzi dada mmoja wa Fuoni kaniandikia: kaona nyoka kwenye bwawa lake la samaki nyuma ya nyumba, na mumewe ameshatoka kununua mafuta ya taa ayamwage. Dada yangu, mzuie.

Mimi niliyamwaga. Ilikuwa masika ya pili tangu nichimbe bwawa langu hapa Wete. Nilimwona mwembamba, rangi ya tope, kichwa kimechomoza kati ya majani ya yungiyungi. Nilipiga ukelele, mtaa mzima ukajaa uani. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu, akasema mbele ya wanangu kuwa mwanamke anayefuga maji uani anafuga mashetani. Neno lile linanichoma hadi leo. Nikamwaga chupa nzima. Asubuhi perege wote matumbo juu, 37, niliwahesabu nikiwatia kwenye beseni. Nyoka hakuwemo. Vyura nao wakafa.

Vyura waliporudi, naye akarudi. Safari hii mwanangu alimbana mkia kwa ufagio wa chelewa. Akajizungusha mwili kama kamba inayosokotwa, mkia ukakatika, akatumbukia majini. Kipande kikabaki kinachezacheza juu ya saruji. Nikauliza wanaojua, nikaambiwa huyo ni nyoka wa majimaji wa kisiwani kwetu, hata jina la kitaalamu kapewa la Pemba: Natriciteres pembana. Hula vyura na visamaki, hana sumu, na mkia ule hauoti tena kama wa mjusi. Niliona haya sana.

Leo perege wangu wamejaa tele, na watu wanakuja kutazama, yule jirani akiwemo.

Basi wenzangu, fyekeni majani pembeni mwa bwawa. Ondoeni marundo ya makumbi. Usiku shikeni tochi, vaeni viatu. Ukimwona, muache apite, usimshike, kwani swila naye hufuata vyura, na swila hutema sumu machoni. Ikikuingia, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali. Na fyekeni majani, narudia. Tusiue kiumbe cha Mungu kwa hofu ya maneno ya watu.

Kama mafuta yameshamwagwa, dada, toa maji yote, sugua kuta kwa mchanga, jaza upya. Mimi nilirudia mara tatu mpaka ule utando unaong'aa ulipokwisha, ndipo nikatia vifaranga vingine.