Ekskaveta Ikivuta Upande Mmoja, Usikimbilie Kununua Pampu

Tulikuwa tunachimba mitaro ya barabara upande wa Hoima, ekskaveta ya tani 20 ikaanza kuvuta kushoto. Ukisukuma leva zote mbili sawasawa, cheni ya kulia inakwenda, ya kushoto inabaki nyuma. Fundi wa kwanza aliitazama dakika chache tu, akasema pampu imekufa. Tajiri akaanza kutafuta pesa za kuagiza nyingine Kampala, na pampu ya mashine ile si ya bei ya kubahatisha.

Nilimwuliza opereta: ikirudi nyuma, inavuta pia? Akasema hapana, inanyooka vizuri.

Jibu hilo liliiondolea pampu lawama. Mashine hii haina usukani. Kila cheni ina mota yake ya haidroliki, na kwa kawaida kila upande una pampu inayoulisha. Pampu inasukuma oili hadi kwenye valvu, na leva ndiyo inayoamua oili iingie mota kwa njia ya mbele au ya nyuma. Ukipunguza oili ya kushoto, inakata kushoto. Ukisukuma leva moja na kuvuta ya pili, inazunguka papo hapo. Sasa pampu ileile ndiyo inayolisha mbele na nyuma. Ingekuwa imechoka, mashine ingevuta hata ikirudi, na hata kuchimba kungekuwa kwa kujikokota.

Kwanza tulikagua cheni, maana iliyokazwa mno au iliyojaa tope gumu nayo huvuta vilevile. Ilikuwa sawa. Tukashusha ndoo chini, tukazima injini, tukatoa presha yote. Kisha tukabadilishana mipira ya oili ya kushoto na ya kulia, juu ya kile kiungo cha katikati kinachopitisha oili kwenda chini huku kabini ikizunguka. Valvu ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehamia kulia. Ukabaki kushoto, kwa hiyo valvu nayo ilikuwa nzima. Tukairudisha, tukabadilishana tena, safari hii chini ya kiungo. Ugonjwa ukahamia kulia! Basi mota nayo ilikuwa nzima, kikabaki kiungo chenyewe. Sili za ndani ya kiungo, yaani pete za kuzuia oili isipenye, zilikuwa zimekwisha, na oili ya kwenda mbele ilikuwa inapotelea kwenye njia ya kurudi tangini. Nje hapakuwa na hata tone. Tajiri alinunua seti ya sili tu.

Wenzangu wa tingatinga za zamani, zenye klachi na breki kila upande, kwenu mambo ni tofauti, na mteremko kama ule wa kushuka Kaiso, kando ya Ziwa Albert, unataka akili. Ukivuta klachi ya kushoto bila breki, cheni ya kushoto inaachiwa na kuteleza na mlima huku injini ikiizuia ya kulia. Utajikuta unakwenda kulia.

Jambo moja naomba mlishike sana: msipapase mpira unaovuja kwa mkono. Presha hufika karibu bar 350, zaidi ya mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi. Tumia kipande cha boksi kutafuta uvujaji, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kama cha mwiba.