Ukitaka kumtuza mtafiti wa unga, anzia kwenye hopa

Kila mwaka Nanenane ikikaribia napigiwa simu za aina moja. Anaweza kuwa ofisa wa chuo, kiongozi wa kikundi cha wasindikaji, au kijana wa halmashauri aliyetupiwa kazi ya kuandaa tuzo akiwa hana hata wiki mbili mkononi. Wana kipengele cha utafiti wa usindikaji, wanatafuta mtu anayestahili, na orodha waliyonayo imejaa watu waliotengeneza mashine. Mimi nimezeekea kwenye viwanda vya unga hapa Dodoma, kuanzia kubeba viroba mpaka kusimamia mtambo, kwa hiyo watu hudhani namjua kila mtafiti. Siwajui wote. Ninachokijua ni namna ya kuwauliza maswali, na hicho ndicho ninachotaka kumwachia yeyote aliyepewa fomu ya mapendekezo au kiti kwenye jopo la majaji.

Nikisema unga namaanisha kila kitu kilichosagwa mpaka kikawa chenga au vumbi: sembe, dona, uwele, lishe ya watoto, ubuyu, mlenda uliokaushwa, saruji, chokaa, hata dawa kabla haijagandamizwa ikawa kidonge. Watafiti wa mambo haya wanahangaika na maswali ambayo wengi wetu hatujui hata kama ni maswali. Kwa nini unga unagoma kushuka? Kwa nini unaganda mfukoni? Kwa nini virutubishi vilivyochanganywa asubuhi vimejitenga jioni? Shida yao ni kwamba wakifanikiwa, hakuna kinachoonekana. Unga umeshuka, basi. Mpiga picha gani atahangaika na unga ulioshuka?

Ndiyo maana majopo mengi huangukia kwenye kinachong'aa. Niliwahi kukaa kwenye jopo moja, sitalitaja, ambapo ushindi ulikwenda kwa mashine ya kufungashia iliyopakwa rangi ya bluu safi, ina taa, ikawashwa mbele ya mgeni rasmi bila hata kijiko cha unga ndani yake. Watu wakapiga makofi. Ikiwa tupu, mashine yoyote inafanya kazi! Tangu siku hiyo, nikiitwa kuwa jaji, huomba jambo moja kabla ya chai: mshiriki aje na unga unaomsumbua kuliko wote, na tuuone ukipita.

Halafu naomba twende kunakotumika. Usimhukumu mtafiti wa unga ukiwa ukumbini. Nenda kwenye mashine aliyoihudumia na uangalie hopa yake, yaani lile pipa la bati linalojazwa unga kwa juu ukashukia kwenye mashine, hasa ile sehemu ya chini inapoanza kubana kama koni. Bati likiwa na vibonyeo vya nyundo juu ya vibonyeo vingine, ujue hapo kuna tatizo la unga ambalo bado halijapata mwenyewe.

Niliambatana na mtafiti mmoja, dada mhadhiri, kwenda kiwanda kidogo cha unga wa lishe upande wa Kizota. Alimwamkia mwenye kiwanda, mzee wa makamo, na kabla hajaketi mzee akaanza kushtaki.

“Marahaba, karibu mwalimu. Hii mashine ina mapepo. Asubuhi inatema vizuri, mchana inagoma.”

Dada alizunguka hopa, akapitisha kiganja kwenye vibonyeo. “Mnaigonga hapa, baba?”

“Tunaigonga, sasa tufanyeje?”

“Bati likibonyea kwa ndani, unga unapata pa kushikilia. Na mchana mkienda kula mnaiacha imejaa?”

“Inajaa ndiyo, tukirudi tuendelee.”

Alitoa silinda ya kupimia, akapima gramu 100 za ule unga na kuumimina taratibu bila kuutikisa. Ukafika kwenye mstari wa 200. Akakunja kitambaa, akaigongagonga silinda juu yake mpaka unga ukaacha kushuka. Ukasimama karibu na 140. Ukigawa 200 kwa 140 unapata 1.43. Kipimo hiki kinaitwa uwiano wa Hausner, na kanuni yake ya mkono ni rahisi: chini ya 1.25 unga unatembea wenyewe, ukivuka 1.4 ni mbishi. Unga wa mzee ulikuwa mbishi, na kila walipouacha umekaa ndani ya hopa saa nzima, uzito wa juu uliukandamiza wa chini ukajikaza, ukajenga tao juu ya mdomo. Chini ya tao patupu, juu yake gunia zima limesimama.

Dawa yake haikuwa mashine mpya. Aliagiza koni iliyosimama zaidi, bati laini ndani, mdomo mpana kuliko wa mwanzo, na wasijaze hopa kabla ya chakula cha mchana. Mchomeleaji wa mtaani aliikata. Baadaye wenye mashine jirani walimfuata fundi yule yule awakatie za kwao kwa vipimo vile vile, na huo kwangu ni ushahidi mzito kuliko barua yoyote ya mkuu wa idara. Ukiandika pendekezo, utafute ushahidi wa namna hiyo: nani ameiga bila kulipwa ili aige?

Kumbuka pia kwamba dada yule hakubuni nadharia ya tao. Andrew Jenike, mhandisi aliyezaliwa Warsaw, Poland, ndiye aliyeonyesha akiwa Chuo Kikuu cha Utah namna ya kupima nguvu ya unga uliojikaza na kukokotoa mwinamo wa koni na upana wa mdomo. Taarifa yake namba 123 ya mwaka 1964 bado inafunguliwa na wasanifu wa vihenge. (Poland hiyo hiyo ndiyo iliyotukopesha fedha za vihenge vya kisasa vya NFRA, wakala wetu wa hifadhi ya chakula. Dunia ndogo.) Kabla yake, mwaka 1895, Mjerumani H. A. Janssen alipima nafaka ndani ya vihenge vya mfano akakuta uzito mkubwa unabebwa na kuta, hauendi wote chini. Naye Derek Geldart wa Uingereza mwaka 1973 aliugawa unga katika makundi manne kwa jinsi unavyokubali au kukataa kupeperushwa na hewa. Sembe laini inaangukia kundi gumu kuliko yote, lile ambalo chembe zinashikana kwa nguvu kuliko uzito wake.

Nawataja hawa kwa sababu majaji wetu wana ugonjwa wa kuuliza, “Hiki umekivumbua wewe?” Kwa utafiti wa unga swali hilo linawaonea watu. Kuchukua kanuni ya 1964, kuipima kwa ubuyu wa Kondoa au uwele wa Chamwino, na kuandika namba ambazo hazikuwa zimeandikwa popote ni kazi ya utafiti kamili. Ubuyu uliruhusiwa kuuzwa Umoja wa Ulaya mwaka 2008 kama chakula kipya, yaani kisichozoeleka huko, na mnunuzi wa huko hanunui kwa kuonja. Anataka kujua chembe zina ukubwa gani, unyevu ni asilimia ngapi, na poda itaganda baada ya miezi mingapi. Mtu aliyemwandalia mama msindikaji majibu hayo anastahili tuzo hata kama hakuchomelea chuma chochote.

Jambo la pili ambalo majopo hulisahau ni majira. Dodoma yetu ni kavu nusu ya mwaka na zaidi, kisha mvua za Desemba hadi Aprili zinakuja na unyevu. Kiangazi poda nyepesi hujichaji umeme ikigandia kwenye plastiki ya mfuko; masika ubuyu, kwa sukari yake, unavuta maji hewani na kuwa jiwe. Utafiti uliofanywa Julai na Agosti peke yake ni nusu ya utafiti. Mwulize mtafiti, kwa upole, vipimo vya Februari viko wapi. Kama anavyo, mpe alama. Kama hana lakini amesema wazi kwenye andiko lake kwamba hakupima masika, mpe pia, maana wakweli ni wachache.

Kwa waliofanya kazi ya kuchanganya, sikiliza kidogo tu maelezo, kisha omba sampuli. Virutubishi vya unga huwekwa gramu mia kadhaa kwa tani nzima, kwa hiyo kosa dogo la kuchanganya linamfanya mtoto mmoja apate zaidi na mwingine akose kabisa. Chembe za ukubwa tofauti zikitikiswa hujitenga, kubwa zikapanda juu na ndogo zikashuka. Peleka mfuko mmoja kwa guta kwenye barabara ya vumbi, urudi nao, kisha chota juu, katikati na chini, upeleke maabara. Tofauti ikiwa ndogo, huyo mtu amefanya kazi. Hili halihitaji mjadala mrefu.

Usalama ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayeupa tuzo. Vumbi la unga likitanda hewani kwenye chumba kilichofungwa, cheche moja inatosha. Ghala la unga la Turin, Italia, lililipuka mwaka 1785. Mwaka 2008 kiwanda cha sukari huko Georgia, Marekani, kililipuka kwa vumbi la sukari na watu 14 wakafa. Hapa kwetu mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Chanzo chake hakikuwa hopa, bali ukungu ulioota kwenye nafaka. Lakini unga unaobaki umeganda pembeni mwa kihenge au hopa kwa miezi, huku wa katikati ukitoka kila siku, ni makazi mazuri ya ukungu. Mtafiti aliyewafundisha wasagishaji kufagia vumbi lililotua juu ya mihimili, kuweka waya wa ardhi kwenye mabomba, na kutengeneza hopa isiyoacha mabaki, hana picha ya maafa kwa sababu aliyazuia. Akija mbele ya jopo, mwulizeni aonyeshe hali ilivyokuwa kabla: picha za vumbi, kumbukumbu za siku mtambo ulipozimwa, malalamiko ya wateja. Nanyi mnaoandika mapendekezo, anzeni kukusanya hivyo vitu mapema, kwa sababu mashine ikishatengemaa hakuna anayekumbuka ilivyokuwa.

Kuhusu andiko lenyewe. Nimesoma mapendekezo yanayoanza na mahali mtu aliposomea shahada yake ya kwanza, na nikafika ukurasa wa pili bila kujua alifanya nini. Anza na shida. Kwa mfano: “Wasagishaji wa unga wa lishe mtaani kwetu walikuwa wanasimamisha mashine kila mchana kwa sababu unga ulijenga tao kwenye hopa.” Sentensi inayofuata iseme alipima nini, na ya tatu iseme nini kimebadilika na nani anaweza kuthibitisha. Vyeti vije mwisho. Andika kwa Kiswahili cha kawaida hata kama fomu imekuja kwa Kiingereza, kisha mtafute mtu wa kutafsiri. Ukianza kwa Kiingereza cha kuazima utaishia kusifia badala ya kueleza.

Chagua mlango pia. Nje kuna tuzo za fani hii hasa, kama nishani ya Geldart ya wahandisi wa kemia wa Uingereza, na tuzo ya KONA inayotolewa na taasisi ya Hosokawa ya Japani. Hizo zinaangalia mchango wa muda mrefu na machapisho. Wizara ya elimu nayo ina tuzo kwa wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Kwa fundi asiye na cheti aliyegundua mwinamo sahihi wa koni kwa kukata na kukata tena, mpeleke MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwenye kundi la mfumo usio rasmi. Usimlazimishe kuingia mlango wa maprofesa, atatoka kichwa chini.

Na kama mtafiti alifanya kazi na mchomeleaji, mwanafunzi wa shahada ya pili na mama aliyekubali mashine yake isimamishwe, majina yote yaingie kwenye fomu. Nimeona mafundi wakigoma kuwapokea watafiti wapya kwa sababu wa zamani alikwenda kupokea ngao peke yake. Wakishagoma hivyo, mtafiti anayefuata anabaki nje ya geti na silinda yake.

Mwisho ni fedha. Tuzo zetu nyingi ni cheti, ngao na bahasha nyembamba. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunueni seti ya chekecheo za maabara zenye matundu ya vipimo tofauti, mzani mzuri na kipima unyevu, mumkabidhi mshindi kwa masharti kwamba vifaa vikae mahali ambapo msindikaji yeyote wa wilaya anaweza kuleta kilo moja ya unga wake ikapimwa. Andaeni na daftari la kusaini wanaokuja. Mwaka unaofuata, jopo likae na hilo daftari kabla ya kufungua fomu mpya.