Maswali na majibu: Kufufua ndege ya mashindano ya miaka ya 1930

Barua za safari hii zinahusu ndege za mbao za Uingereza zilizoundwa kwa ajili ya mbio. Wengi mnataka kujua kama mtu binafsi anaweza kuirudisha angani ndege ya namna hiyo.

*Babu alikuwa akisema rubani wa Nairobi alishinda mbio za kwenda Australia. Ni hadithi tu? (Msomaji, Nakuru)*

Babu hakukosea sana. Tom Campbell Black alifanya kazi ya urubani Kenya, na alikuwa mmoja wa walioanzisha Wilson Airways mwaka 1929 pamoja na Florence Kerr Wilson. Alishaondoka Kenya wakati yeye na C.W.A. Scott waliposhinda mbio za Mildenhall hadi Melbourne, Oktoba 1934, kwa takriban saa 71. Ndege yao, de Havilland Comet nyekundu G-ACSS, ipo Old Warden, Uingereza. Ilitelekezwa miaka mingi, ikafufuliwa, ikaruka tena mwaka 1987.

*Nimeahidiwa mabaki ya ndege ya mbao. Nianze na injini? (Msomaji, Arusha)*

Injini iache kwanza. Anza na gundi. Wakati ule mbao ziliungwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa, na adui yake ni unyevu: ukungu huila polepole. Nje utaona rangi inang'aa, kumbe ndani maungio yameachia. Kwa Comet hilo ni zito zaidi, maana ngozi ya bawa, vipande vyembamba vya mbao vilivyolazwa mshazari, ndiyo inayobeba mzigo.

Kabla hujabandua chochote, lifunge bawa kwenye fremu imara lisije likajipinda, kisha piga picha na upime kila kitu. Mbao mpya ziwe kavu, nyuzi zake zimenyooka. Na kila unapokoroga gundi, unga vipande viwili vya majaribio kando, ikikauka, vivunje. Ikichanika mbao, endelea na kazi. Yakifunguka maungio yenyewe, kazi yote ya gundi ile irudiwe, hata kama ni ya wiki nzima. Inauma, najua.

*Nikibadilisha karibu mbao zote, bado ni ndege ileile? (Msomaji, Mombasa)*

Tazama Percival Mew Gull G-AEXF. Februari 1939 Alex Henshaw aliirusha peke yake kutoka Uingereza hadi Cape Town na kurudi, kwa siku 4 na saa 10 na ushei. Tangu hapo imejengwa upya zaidi ya mara moja, na hakuna anayeiita jina jingine. Mimi naangalia kama historia haikukatika: usajili, vyuma vya asili, kumbukumbu za nani alibadilisha nini. Bamba la namba lililopigiliwa kwenye mbao mpya tupu naliita nakala. Nakala nzuri si aibu, ila aseme muuzaji.

*Vipuri vya injini vitapatikana? (Msomaji, Kampala)*

Kwa Gipsy Six, aina ya injini iliyofungwa kwenye Comet na Mew Gull, afadhali. Injini za ukoo huo zilifungwa kwenye Dragon Rapide, ndege ya abiria iliyotengenezwa kwa mamia. Achana na ile iliyokorezwa kwa mashindano. Ya kawaida itakusumbua kidogo zaidi, na hakuna anayekukimbiza.

*Mume wangu anauliza gharama. (Msomaji, Dar es Salaam)*

Mwaka 1934 Comet iliuzwa pauni 5,000, na kiwanda kikala hasara. Msomee mumeo hapo tu.

*Nikimaliza, naweza kuirusha mwenyewe siku ya kwanza? (Msomaji, Arusha)*

Muulize mkaguzi wa mamlaka ya anga, ambaye unapaswa kumwita mapema, kabla hujaziba bawa, kwa sababu hataidhinisha asichokiona. Kwa maoni yangu, usirushe. Mew Gull ikiwa chini pua huinuka na kumziba rubani njia ya mbele, na ndege za gurudumu la mkiani hugeuka ghafla zikitua. Mpe rubani aliyezizoea, wewe baki na kizimamoto.