Nyimbo Zangu za Barabarani

Kilakala, Morogoro

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzijuzi usiku nikacheka mpaka baba yako akaamka kuuliza kuna nini. Unasema umezipitia nyimbo ninazotembea nazo alfajiri, na swali lako ni hili: "Mama, mtu anafanyaje mazoezi na nyimbo za taratibu namna hiyo? Hizo si za kulalia mchana?" Halafu umeniwekea nyimbo nyingine thelathini, zote za moto, niache hizo za wazee. Ahsante. Nimezijaribu siku nne. Sasa tulia nikujibu, tena kwa barua, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Habari ya presha unaijua. Ulipokuja Idi ya mwaka juzi ulinikuta nimeshaanza dawa. Usichokijua ni maneno ya daktari. Aliniambia nitafute dakika 150 za kutembea kila wiki, kwamba hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa mtu mzima, na nikifika 300 ni heri zaidi. Nikamuuliza, nitembee kwa mwendo gani? Nilidhani atanipa kifaa cha kuvaa mkononi. Akasema: "Mwendo ukiwa sawasawa, mama, utaweza kuongea lakini hutaweza kuimba." Nilitoka pale nikiwa nimeshapata mwalimu wa mazoezi bila kumlipa. Kumbe wimbo wenyewe ndio kipimo! Nikiweza kuufuatisha mwanzo mpaka mwisho bila kuhema, najua nazurura tu, siko mazoezini. Nikishindwa hata kumwitikia mtu salamu, nimezidisha.

Wiki ya kwanza nilifikiri kama unavyofikiri wewe, kwamba kasi ya wimbo ndiyo dawa. Nikaenda na Loketo, ile bendi ya Wakongo, kina Aurlus Mabélé. Gitaa la Diblo Dibala linaanza kama mtu aliyechelewa basi, na halikai chini mpaka mwisho. Mwili ukanidanganya kwamba nina miaka ishirini. Kuanzia hapa nyumbani mpaka Kigurunyembe nilikuwa naruka, si kutembea. Kurudi ilikuwa habari nyingine. Goti la kushoto lilivimba, siku tatu nikipanda ngazi za shule kwa kushika ukuta, watoto wa darasa la tano wakinipokea mkoba kama bibi yao. Umri huu wangu, na haya mabadiliko ya kukoma hedhi ambayo na wewe Mungu akipenda utayafikia, viungo vinasema waziwazi. Mifupa inahitaji kutembezwa, hilo ni kweli, lakini haipendi kushtukizwa.

Basi nikaanza kuhesabu, kazi niliyoizoea. Unahesabu hatua zako kwa sekunde 15 kisha unazidisha kwa nne. Wataalamu wa mazoezi wanasema hatua 100 kwa dakika ndipo mwendo wa wastani unapoanzia, na 130 ni mwendo wa nguvu. Mimi peke yangu, bila muziki, nilikuwa kwenye 90 na kitu, mwendo wa kwenda sokoni. Nikawa nabadilisha nyimbo na kuhesabu, nabadilisha na kuhesabu. Jirani yetu wa kona alikuwa akiniona nimetazama saa midomo ikicheza, akadhani nasoma nyiradi.

Ndipo nikagundua lile ambalo wewe unaliita taratibu.

Wimbo wa dansi wa enzi zetu umejengwa kama nyumba. Mbele kuna sebule. Humo mwimbaji anakukaribisha, anakueleza kisa chake kwa adabu, tarumbeta zinaitikia kidogo, hakuna anayepaza sauti. Nyuma kuna uani. Kisa kikishaeleweka, magitaa yanafungua mlango wa nyuma na mambo yote yanahamia huko: solo inakimbia, ridhimu inaichokoza, ngoma zinabadilika, waimbaji wanabaki na neno moja au mawili tu. Hapo tulikuwa tunapaita kwenye chemko. Wakongo wanasema sebene. Ukumbini watu waliokuwa wamekaa na soda zao walikuwa wanasubiri pale, hakuna aliyelazimishwa kuinuka.

Sasa ukitembea nao unaona maajabu yake. Sebuleni nakwenda hatua 100, 105, navuta pumzi, naangalia milima ya Uluguru ilivyojifunika ukungu upande wa kulia. Chemko ikiingia, miguu inajiongeza yenyewe, naenda 120 na zaidi, dakika mbili, dakika tatu, jasho linatoka. Wimbo unakwisha. Unaofuata unaanza tena sebuleni, moyo unashuka. Nyinyi huko mjini mnalipia ukumbi wa mazoezi ili kijana mwenye filimbi awaambie "kaza, sasa legeza, kaza, sasa legeza". Mimi kazi hiyo nimewapa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park. Nyimbo zao nyingi zinapita dakika tano, kwa hiyo saba zinanitosha kwenda mpaka Bigwa na kurudi.

Baba yako, kama unavyomjua, anasema ningechagua bendi ya Msondo. Wao walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park ikaja 1978, kwa hiyo kwake Sikinde ni watoto wa juzi. Mimi namjibu kwamba yeye tumbo lake ndilo linalomshuhudia anavyofaidika na Msondo. Tumeoana miaka 27 na kesi hii haijapata hakimu. Orchestra Maquis nao nimewaweka, ingawa mtindo wao mmoja uliitwa Kamanyola bila jasho, na mimi jasho ndilo ninalolitafuta.

Lakini ukitaka kujua kweli nyimbo zangu za kwanza za mazoezi ni zipi, hazimo kwenye simu. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1980, Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka uliotangulia. Tulikuwa tunafika shuleni kabla jua halijachomoza, wengi wetu miguu peku, nyasi zina umande. Kiongozi anaita, "Mchakamchaka!" Shule nzima, "Chinja!" Na hapo tunazunguka kijiji kizima tukiimba habari za Nyerere alivyosema, na za Nduli Idi Amin tutakayemtupa mto Kagera awe chakula cha mamba, tena tukiapa kwamba akifa hatutalia. Hakuna ngoma, hakuna gitaa. Miguu mia tatu ikitua kwa pamoja ndiyo ngoma. Na uone akili ya mambo yale: kiongozi anapoimba wewe unavuta pumzi, unapoitikia unaitoa. Hakuna aliyetufundisha kupumua, wimbo ndio uliotupumulisha. Mtoto mwenye mafua, mtoto aliyelala bila kula, wote walifika, kwa sababu ukiacha kuitikia mwenzio wa nyuma anakukanyaga kisigino. (Siku Amin alipofariki Jeddah, Agosti 2003, wewe ulikuwa mdogo, hukujua kwa nini nilitabasamu walipotangaza redioni. Nilikumbuka ahadi yetu. Kulia sikulia. Waliopunjwa ni mamba wa Kagera tu.)

Hadi leo, kile kipande cha mwinuko kabla ya Kigurunyembe nazima simu na kuupanda kwa mchakamchaka, kimoyomoyo, kiongozi mimi na mwitikiaji mimi. Hakuna wimbo wa kununua unaonipandisha pale.

Sasa habari ya hizi hedifoni ulizoniletea. Nzuri, hazina nyaya, lakini nusura ziniharibie jina. Ni mwezi wa tatu huu, niko na bendi ya Les Wanyika masikioni, wimbo wao Sina Makosa, ambao besi yake inatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Unajua mtu akiziba masikio yote mawili hajisikii anavyopaza sauti. Nimefika karibu na Bigwa, mkono hewani, naimba kiitikio kwa nguvu zote kwamba sina makosa, sina makosa. Kugeuka, turubai. Watu wamekaa kwenye mikeka, wanawake wamejitanda khanga, kimya. Nimekatiza mbele ya msiba nikijitetea! Nilitamani ardhi inimeze. Jioni nikajitanda nami nikaenda kutoa pole na rambirambi. Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa akipokea michango, akaandika jina langu kwenye daftari, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Mwalimu, tumeshakusamehe."

Tangu siku hiyo naweka sikio moja tu, la kushoto, la kulia naliachia barabara. Na si kwa ajili ya aibu peke yake. Bodaboda wa alfajiri wanashuka ule mteremko wamezima injini kubana mafuta, hakuna taa, husikii kitu ila upepo wa matairi. Na mbwa wa yule jamaa mwenye geti la bluu bado yupo.

Nirudi kwenye zile thelathini zako. Singeli nimezifuta, usikasirike. Napenda zilivyochangamka na vijana wa Dar wanavyozicheza, lakini ngoma inayopita mapigo 200 kwa dakika kwa mtu wa miaka 52 ni wito wa gari la wagonjwa. Nilijaribu kukanyaga pigo moja na kuruka moja, nikajikuta nachechemea. Zile za Bongo Fleva za mapenzi zinasimulia ugomvi ambao sisi tuliumaliza zamani. Niliyoshangaa ni hii amapiano ya Afrika Kusini. Nilidhani nitaichukia. Nimehesabu mara tatu: inanipeleka hatua 112, 113, haipandi haishuki, goti halilalamiki, na lile besi lake linasukuma nyayo kutoka chini. Nimebakiza nne. Nitaziweka siku za Jumamosi, ninapotaka kwenda mbali bila kufikiri. Kasoro yake haina uani. Unasubiri mlango wa nyuma ufunguliwe, hakuna anayeufungua, wimbo unakwisha mkiwa bado sebuleni mnatazamana.

Kwa hiyo ukija, nakuomba kitu kimoja kwenye hii simu. Hakikisha haizichanganyi nyimbo. Wiki iliyopita ilinipa ya mwisho mwanzoni, nikaharibikiwa asubuhi nzima. Mpangilio wangu ni huu: Sina Makosa ya kupashia mwili, maana kuimba kwenyewe siku hizi naimba chini chini, kisha Sikinde, na wimbo wao Neema usikose, Maquis wakati wa kugeuza, ukimya wa mchakamchaka utaniachia mwenyewe.

Na mwisho kabisa, nikishaipita shule ya Kilakala mwendo umeanza kupoa, weka Shida ya Mbaraka Mwinshehe. Usiicheke. Huyu ni mtu wa kwetu, kabla ya bendi yake ya Super Volcano alikuwa Morogoro Jazz hapa hapa mjini, na babu yako alikuwa akimwona kwa macho. Alipokufa kwa ajali ya gari kule Kenya, Januari 1979, alikuwa na miaka 34, mimi nilikuwa na kama sita. Nakumbuka babu alivyotoa betri kwenye redio, akaziweka juu ya kabati, na hakuna aliyethubutu kuuliza zitarudi lini. Zilirudi baada ya siku kadhaa, na wimbo wa kwanza tuliousikia ulikuwa huo.

Huwa haujaisha ninapofika nyumbani. Nasimama nje chini ya mwembe, raba zimejaa vumbi, mpaka gitaa linyamaze ndipo nasukuma geti. Baba yako ananichungulia dirishani akidhani nimechoka, na mimi sijawahi kumwambia.

Mama yako