Jurnali na leja: kwa nini vitabu viwili?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina depo ndogo ya unga wa mahindi katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kila jioni ninaandika katika daftari moja, kwa kufuata tarehe, nilichonunua, nilichouza na nilichokopa. Mwezi uliopita, mtu anayeniletea unga alisema ananidai dola 300 bado, mimi nikaamini zimebaki 100, tukakesha tukipekua kurasa. Mtoto wa dada yangu aliyesomea uhasibu anasema ninahitaji jurnali na leja. Ikiwa tarakimu ni zilezile, kwa nini niziandike mara mbili?
Mama mfanyabiashara, Katuba

JIBU: Mama, pole kwa usiku huo. Jurnali huhifadhi mambo jinsi yalivyofuatana, siku baada ya siku, yawe ya unga, ya kodi ya depo au ya mshahara wa kijana anayebeba magunia. Leja, ambayo wahasibu wetu huiita kwa Kifaransa grand livre, huyachukua mambo hayohayo na kuyapanga upya kwa akaunti, kila akaunti na ukurasa wake, ili anayetafuta habari za mtu mmoja asilazimike kupita katikati ya mambo ya wengine.

Tuseme tarehe 3 ulipokea magunia 40 kwa dola 20 kila moja, yaani dola 800, ukalipa 500 taslimu na 300 zikabaki deni. Katika jurnali hilo ni tukio moja lenye mistari mitatu: akaunti ya manunuzi inadebitiwa 800 (huandikwa kushoto, upande wa akaunti inayopokea), ya fedha taslimu inakreditiwa 500 (huandikwa kulia, upande wa akaunti inayotoa), ya mwuza unga inakreditiwa 300, na chini yake maelezo mafupi pamoja na namba ya faktura. Kisha kila mstari unahamishiwa kwenye ukurasa wake wa leja. Tarehe 17 ukimlipa dola 200, ukurasa wa mwuza unga utaonyesha krediti 300, debiti 200, salio 100, na mtaliona mara moja. Pembeni mwa leja andika namba ya ukurasa wa jurnali, na pembeni mwa jurnali namba ya akaunti. Wengi huichoka kazi hiyo ndogo, lakini ndiyo njia ya kurudi siku shaka inapoingia.

Daftari lako la sasa bado si jurnali. Katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, mtawa Luca Pacioli alieleza vitabu vitatu vya mfanyabiashara: cha kunakili mambo ya siku jinsi yalivyotokea, jurnali, na leja. Wewe unaandika kile cha kwanza. Kitakuwa jurnali pale kila jambo litakapotaja akaunti inayodebitiwa na inayokreditiwa, kwa jumla zinazolingana.

Leja ndiyo pia chanzo cha urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, ambapo masalio yote ya debiti lazima yalingane na ya krediti. Hata hivyo urari unaweza kulingana na kosa likabaki, kwa mfano zile dola 200 zikiingizwa kwenye ukurasa wa mwuza mafuta. Hapo ni jurnali inayotoa ushahidi, na kwa sababu hiyo mimi huipa uzito zaidi: leja iliyopotea hujengwa upya kutoka jurnali, ilhali kuirudisha jurnali kutoka leja ni kuokota vipande vilivyotawanyika kurasa nyingi.

Sheria ya uhasibu ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazofuata sheria moja za biashara, ambayo nchi yetu ni mwanachama wake tangu 2012, inaviweka vyote viwili kati ya vitabu vya lazima na inataka vihifadhiwe miaka 10, ingawa biashara ndogo sana zinaruhusiwa kufuata mfumo mwepesi wa mapato na matumizi. Haikubali kufutafuta wala kuacha nafasi tupu: kilichokosewa huandikwa tena kama kiasi hasi, ndipo kilicho sahihi kiandikwe.

Anza na ukurasa wa huyo mwuza unga. Kaeni pamoja na faktura na risiti zenu, mkubaliane salio, mliandike kwa tarehe ya siku hiyo na wote wawili mtie sahihi, kabla gunia jingine halijaingia depo.