Cheni ya Chenso: Noa Mwenyewe, Fundi Mwachie Iliyoharibika

Wenzangu mnaopasua na kukata miti kwa chenso (msumeno wa mashine) huku Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, mnaniuliza sana: cheni ikiwa butu, ninoe mwenyewe au nimpelekee fundi mjini? Noa mwenyewe. Fundi apate zile zilizoharibika kweli.

Anayekata mikaratusi ya kukaushia tumbaku anajua siku inavyopotea. Makali yanakwisha saa nne asubuhi, bodaboda kwenda na kurudi, fundi ana foleni, vibarua wamekaa kivulini na posho inahesabika. Hela ya kunoa ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Halafu kuna ubora wa kazi yenyewe. Mafundi wengine hawana mashine ya kunolea cheni, wanatumia grainda ya mkono. Nimewahi kurudishiwa cheni yenye ncha za bluu. Bluu ile ni alama ya moto: chuma kimepata joto mpaka kimepoteza ugumu, na makali hayakai. Grainda pia inakula jino kwa pupa, wakati tupa inaondoa kidogo kidogo, na cheni inadumu.

Tupa iwe ya duara na ya saizi yake. Cheni ya 3/8 ndogo (namba hii ni kipimo cha cheni kwa inchi), ile ya mashine nyepesi, inataka tupa ya milimita 4.0, ya .325 inataka 4.8, ya 3/8 kubwa ni 5.2 au 5.5 kulingana na aliyeitengeneza, kwa hiyo angalia kitabu cha mashine.

Zima mashine, vaa glavu, bana baa, kile chuma kirefu kinachozungukwa na cheni, kwenye jiliwa (kibano cha fundi). Porini hakuna jiliwa, lakini kisiki kipo: kata mwanya juu yake, ingiza baa humo. Tia wino jino la kwanza ujue ulipoanzia. Pembe ya kawaida ni nyuzi 30, na cheni nyingi zina mstari juu ya jino wa kukuongoza. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kisha inua tupa unaporudi. Ukiiburuta nyuma unaiua. Sehemu moja ya tano ya unene wa tupa ibaki juu ya jino. Misukumo iwe sawa kila jino. Maliza meno ya upande mmoja ndipo ugeukie wa pili, na hapo uwe makini, maana mkono wenye nguvu hula zaidi upande mmoja, na mashine huanza kukata kombo.

Sasa geuza jino juani. Ukiona kimstari cheupe kinameta ukingoni, bado butu. Makali ya kweli hayarudishi mwanga.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima jino lizame kiasi gani. Kwa cheni nyingi kinakaa chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Usikiguse kila unaponoa. Baada ya kunoa mara kadhaa, weka geji (kibati cha kupimia kinundu), kisha kishushe kwa tupa bapa. Tafadhali sana, usikishushe kupita kiasi. Chenso itakuwa inang'ata na kuruka, na ikikurukia usoni ni hatari kubwa.

Usingoje mpaka ulazimike kuikandamiza. Cheni kali inatoa chenga. Ikianza kutoa unga, simama unoe. Mimi naipitisha tupa kidogo kila ninapojaza mafuta, na inatosha.

Fundi mlipe pale cheni ilipogonga msumari, waya au jiwe na meno yamevunjika au yamepishana sana urefu. Tafuta mwenye mashine ya kunolea cheni yenye kipimo cha nyuzi, umwambie ayalinganishe yote na jino fupi kuliko mengine, na asage kidogo kidogo. Kabla ya kutoa hela, pitisha jicho cheni nzima. Ukiona bluu, mwonyeshe hapohapo.